Sabufa ya gari imenyamaza? Kabla ya kumlipa fundi, ipimeni wewe na kijana wako

KWA kijana wa sekondari aliyeruhusiwa kufunga muziki kwenye gari la nyumbani, hakuna siku mbaya kama ile anayowasha redio na kukuta besi haipo. Spika za milangoni zinaimba kama kawaida, taarifa ya habari inasikika vizuri, lakini lile sanduku kwenye buti, lililonunuliwa kwa kubana posho ya miezi kadhaa, liko kimya kama kabati.

Wazazi hulipokea jambo hili kwa namna tofauti. Wapo wanaoshukuru kimoyomoyo. Wapo wanaotoa fedha haraka ili yaishe; kijana anakwenda kwa fundi wa kando ya barabara, anaambiwa amplifaya imeungua, anarudi na nyingine. Baada ya wiki mbili kimya kinarudi, kwa sababu ile ya kwanza haikuwa imeungua. Kilichokuwa kimelegea ni waya.

Kuna na njia ya tatu, ambayo mzazi huja kuisikia moshi ukishatoka. Kijana anafungua boneti mwenyewe, anakuta fyuzi imekatika, anaziba nafasi yake kwa kipande cha waya au ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Muziki unarudi papo hapo. Gari hilohilo ndilo litakalowapeleka wadogo zake shule Jumatatu asubuhi.

Kwa hiyo hata mzazi asiyependa besi ana sababu ya kukaa na kijana wake saa moja Jumamosi mchana, boneti ikiwa wazi, wakalitafuta tatizo hatua kwa hatua. Mara nyingi tatizo lenyewe ni dogo, na kulipata hakuhitaji mtu awe amesomea umeme.

Nini kilibadilika?

Swali la kwanza haliulizwi kwenye gari, linaulizwa mezani. Sabufa ilipiga mara ya mwisho lini, na tangu siku hiyo gari limefanyiwa nini?

Jibu linaloongoza ni betri mpya. Fundi wa betri hufungua vichwa vya betri, hutoa ile kuukuu, huweka mpya, hufunga waya za gari na kuondoka. Waya mwekundu wa amplifaya, ambao haukuja na gari kutoka kiwandani, unabaki unaning'inia pembeni kwa sababu hakujua ni wa nini. Gari linawaka, taa zinawaka, kila kitu kiko sawa isipokuwa sabufa. Hapo dawa ni spana namba 10 na dakika tano.

Betri mpya huleta na shida ya pili. Redio nyingi zikikatiwa umeme husahau mipangilio yake na kurudi ilivyotoka kiwandani, na kwa baadhi yake hiyo maana yake ni kwamba njia ya sabufa imezimwa. Mtu anaweza kubomoa buti lote akitafuta kosa ambalo liko kwenye menyu ya redio.

Zipo sababu nyingine za nyumbani kabisa. Gari lilikwenda kuoshwa na mazulia yakang'olewa. Gunia la mchele lilisukumwa kwenye buti likavuta nyaya. Mdogo wa miaka minne alikaa kiti cha mbele akisubiri mama atoke dukani, akabonyeza kila kitufe alichokiona. Familia ikikumbuka jambo moja kati ya haya, inajua pa kuanzia.

Redio kwanza, kwa sababu ni bure

Kwenye menyu ya sauti ya redio hutafutwa neno Subwoofer au SUB.W na kuhakikisha limewekwa ON, kisha kiwango chake kisiwe kimeshushwa hadi chini. Baada ya hapo hutazamwa mgawanyo wa sauti kati ya mbele na nyuma, ulioandikwa Fader.

Mgawanyo huo una umuhimu wa pekee kwa magari yetu mengi yaliyotumika Japani. Redio zilizokuja nayo kwa kawaida hazina matundu ya nyuma ya kuchomeka waya za RCA, zile zenye vichwa vyekundu na vyeupe zinazopeleka muziki kwenye amplifaya. Mafundi hulimaliza hilo kwa kuchukua muziki kutoka kwenye waya za spika za nyuma na kuupitisha kwenye kiboksi kidogo kinachoushusha nguvu. Ikitokea mtu amehamishia sauti yote mbele, spika za nyuma zinanyamaza na sabufa inanyamaza nazo. Wenye gari hukaa mbele, hawagundui.

Kama maandishi ya redio ni ya Kijapani, kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri inatosha kuisoma menyu. Hapo kijana ndiye mwalimu na mzazi ndiye mwanafunzi, na si vibaya.

Kabla ya kushika waya

Redio ikiwa sawa, kazi inahamia kwenye nyaya, na hapa mzazi ndiye anayeweka sheria. Injini izimwe, ufunguo utolewe, gari liwe limevutwa breki ya mkono mahali penye hewa. Pete na saa za chuma zivuliwe. Wadogo wakae mbali.

Sheria inayofuata ni ya spana. Kila mara waya unapotaka kufunguliwa au kufungwa, kichwa hasi cha betri, chenye alama ya kutoa, kinatolewa kwanza na kinarudishwa mwisho. Sababu yake ni rahisi kumweleza mtoto. Bodi yote ya gari imeunganishwa na upande hasi. Anayeanza kufungua upande chanya, kisha spana yake ikagusa chuma chochote cha gari, amelikutanisha betri na lenyewe kupitia spana iliyo mkononi mwake. Cheche hiyo ni kubwa, na juu ya betri huwa kuna gesi inayoshika moto. Ukianza na hasi, spana ikigusa bodi hakuna kinachotokea.

Baadhi ya redio huomba namba ya siri zikikatiwa umeme, kwa hiyo ni busara kuhakikisha namba hiyo ipo kabla ya kutoa kichwa cha betri.

Kifaa kimoja kinastahili kununuliwa: multimita, ile mashine ndogo yenye waya mbili, mwekundu na mweusi, ambayo mafundi huiita mita tu. Hata ya bei ya chini inatosha kwa kazi hii, na itakuja kutumika nyumbani kwa miaka. Wakati wa kupima volti betri inabaki imefungwa, maana umeme usiokuwepo haupimiki. Wakati wa kufungua waya inatolewa. Tofauti hiyo ieleweke vizuri kabla ya kuendelea.

Na jambo moja la kutogusa kabisa: chini ya viti na kwenye usukani huwa kuna soketi za rangi ya njano. Kwa kawaida hizo ni za mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga. Hazipimwi, hazichomolewi, hazitobolewi kutafuta umeme wa redio.

Taa ya amplifaya inasema nini

Amplifaya karibu zote zina kitaa kidogo pembeni. Kijani au buluu humaanisha imewaka na iko tayari. Nyekundu, au maandishi PROTECT, humaanisha imejizima yenyewe kujilinda. Kutokuwa na taa kabisa humaanisha haipati umeme au haijaambiwa iwake. Redio ikiwashwa, kijana aende nyuma akatazame. Kila jibu lina njia yake, na kuchanganya njia hizo ndiko kunakomaliza fedha za watu.

Njia ya kwanza ni ya giza, taa haiwaki.

Amplifaya inahitaji waya tatu ili iwake. Ule mnene unaotoka moja kwa moja kwenye betri unaingia palipoandikwa B+ au +12V. Ule mnene mwingine unaokwenda kwenye chuma cha gari, ambao mafundi huuita ethi, unaingia palipoandikwa GND. Mwembamba wa tatu unaingia palipoandikwa REM; huu hutoka kwenye redio na kazi yake ni kuiambia amplifaya kwamba redio imewashwa, na yenyewe iamke.

Ncha nyeusi ya mita inawekwa GND na nyekundu B+. Gari likiwa limezimwa na betri ikiwa nzima, mita isome karibu na volti 12.6. Injini ikiwaka isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikisoma sifuri, umeme umekatika njiani, au ethi si nzima.

Kutofautisha haya mawili ni hatua moja tu. Ncha nyekundu ibaki B+, nyeusi iondolewe GND na kuguswa kwenye chuma kitupu cha bodi, kama bolti isiyo na rangi. Mita ikipanda ghafla hadi 12, waya wa betri ni mzima na kosa liko kwenye ethi. Mara nyingi fundi aliifunga juu ya rangi ya gari, na rangi haipitishi umeme, au bolti imelegea, au kutu imeingia baada ya maji kusimama kwenye buti. Kichwa cha betri kikitolewa, mahali hapo panasuguliwa kwa msasa hadi chuma king'ae, waya unafungwa tena na kukazwa. Ethi isifungwe kwenye bolti ya mkanda wa kiti. Bolti hiyo ina kazi ya kumshikilia mtoto gari likigonga, na haifai kufunguliwa kwa ajili ya muziki.

Kama GND na B+ zina umeme lakini taa bado haiwaki, anayefuata ni REM. Redio ikiwa imewashwa, hapo napo pasome karibu na 12. Pakisoma sifuri, waya mwembamba umechomoka nyuma ya redio au umekatika chini ya zulia. Fundi anayejaribu haraka huweka kipande kifupi cha waya kati ya B+ na REM. Amplifaya ikiwaka, imethibitika ni nzima. Jaribio hilo ni la dakika moja tu, na waya huo usiiguse GND. Wapo wanaouacha hapo jumla kwa sababu muziki umerudi. Amplifaya inabaki macho usiku kucha, na baada ya siku chache familia inasukuma gari asubuhi.

Fyuzi, na kwa nini haina mbadala

Kama B+ haina umeme hata kwa kupima na bodi, macho yahamie mbele, kwenye fyuzi iliyo karibu na betri.

Hapa ndipo wazazi wengi hudanganyika na namba 12. Ni kweli volti 12 haziwezi kumrusha mtu kama umeme wa ukutani. Lakini betri ya gari imetengenezwa ili izungushe injini, na waya wake ukigusa bodi unaweza kupitisha mamia ya ampea kwa mara moja. Waya unageuka kuwa kama koili ya jiko. Plastiki yake inayeyuka, kisha zulia lililo juu yake, kisha sponji ya kiti. Waya huo umepita chini ya miguu ya watoto wa kiti cha nyuma.

Fyuzi ipo kuulinda waya huo. Ndiyo maana inatakiwa ikae karibu kabisa na betri, isizidi sentimita 45 hivi. Kila sentimita ya waya kati ya betri na fyuzi haina ulinzi. Wengi huona fyuzi zilizochomekwa kwenye amplifaya yenyewe kule nyuma wakaridhika. Zile zinailinda amplifaya. Waya wa mita nne au tano unaotoka mbele hadi nyuma hauzihusu.

Mahali pa hatari zaidi ni pale waya unapopenya ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Tundu hilo linatakiwa kuwa na raba. Fundi mwenye haraka hutoboa na kupitisha waya mtupu kwenye chuma chenye makali, na kila gari linapotikisika kwenye barabara ya vumbi chuma kinakula plastiki kidogokidogo. Kazi ya aina hiyo inaweza kupiga muziki mzuri mwaka mzima kabla haijaleta balaa.

Fyuzi isiaminiwe kwa kuitazama tu, kwani nyingine hukatika mahali pasipoonekana. Ncha nyeusi ya mita ikiwa kwenye bodi, nyekundu iguse upande mmoja wa fyuzi kisha wa pili. Zote zikisoma 12, ni nzima. Upande mmoja ukisoma na wa pili ukawa sifuri, imekatika.

Iliyokatika inabadilishwa kwa nyingine ya kiwango kilekile. Zile ndogo za kuchomeka zina rangi zake: 15 ni buluu, 20 ni njano, 25 haina rangi, 30 ni kijani. Kijana aliyekosa ya 20 akaweka ya 30 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani ameruhusu waya upitishe zaidi ya kile kilichokusudiwa. Karatasi ya sigara yenyewe haina kiwango chochote, itapitisha mpaka kitu kingine kiungue.

Fyuzi mpya nayo ikikatika palepale, isiwekwe ya tatu. Betri itolewe kichwa hasi, waya mwekundu ufunguliwe kwenye amplifaya na ncha yake ifungwe tepu isiguse kitu, kisha fyuzi nyingine iwekwe na betri irudishwe. Ikikatika tena, waya umechubuka na unagusa bodi mahali fulani, na gari halifai kutembea na waya huo ukiwa umeungwa kwenye betri. Isipokatika, waya ni mzima na ubovu uko ndani ya amplifaya.

Katika ukaguzi huu ni vyema waya wenyewe utazamwe. Sokoni zipo nyaya nene zinazouzwa kwa bei ya kutupa, ambazo ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Unyuzi mmoja ukikwanguliwa kwa kisu, rangi ya shaba inatoka na weupe unatokea. Nyaya hizo hupitisha umeme mdogo kuliko shaba halisi ya unene uleule, kwa hiyo fyuzi yake nayo inatakiwa iwe ndogo. Mwenye duka hatasema hivyo.

Taa nyekundu

Nyekundu inatisha lakini ni msaada, kwa sababu inaonyesha amplifaya inapata umeme na ina akili ya kukataa. Kwanza iguswe. Ikiwa ya moto sana, pengine imefungwa chini ya kiti na kufunikwa na zulia, mchana wa joto, madirisha yamefungwa. Ipumzishwe nusu saa na itafutiwe mahali penye hewa.

Ikiwa ya baridi, gari linazimwa, betri inatolewa kichwa hasi, waya za spika zinachomolewa kwenye amplifaya, kisha inajaribiwa bila spika. Nyekundu ikigeuka kijani, kosa liko kwenye sabufa au waya wake: labda nyuzi mbili zimegusana nyuma ya sanduku, labda koili imeungua. Nyekundu ikibaki, zinachomolewa na zile RCA. Ikibaki bado, na volti ni nzuri, hapo neno la fundi kwamba amplifaya ni mbovu linaanza kuaminika.

Wapo pia vijana wanaoongeza sabufa ya pili ya rafiki na kuiunga pamoja na ya kwanza. Sabufa mbili za omu 4 zikiungwa sambamba hugeuka mzigo wa omu 2, na amplifaya nyingi zilizounganishwa njia zake mbili kuwa moja hazikubali chini ya omu 4. Zinajizima, na ni haki yake.

Kijani ipo, sauti hakuna

Hapa umeme ni mzima na muziki ndio haufiki. Kipimo cha haraka ni simu. Waya mdogo wenye kichwa cha earphone upande mmoja na RCA mbili upande wa pili unachomekwa kwenye amplifaya badala ya ule wa redio, kitufe cha nguvu kikiwa kimeshushwa chini kabisa na kupandishwa polepole. Besi ikisikika, amplifaya na sabufa ni nzima, na mshtakiwa ni waya wa RCA au redio. Nyaya hizo hukatikia kwenye vichwa, hasa zilizokunjwa chini ya viti vinavyosogezwa kila siku.

Isiposikika, itazamwe swichi yenye maandishi LPF na HPF. Sabufa inataka LPF, inayopitisha sauti nzito peke yake. Mtu akiisogeza HPF kwa bahati mbaya, na mizigo ya kwenye buti hufanya hivyo, besi yote inazuiwa na sabufa inabaki inanong'ona.

Mwisho ni sabufa yenyewe. Waya zake zikiwa zimetolewa kwenye amplifaya, betri ndogo ya rimoti ya volti 1.5 inaguswa kwenye nyuzi mbili kwa sekunde moja. Nzima itatoa mlio mdogo na karatasi yake itasogea kidogo. Mita ikiwa kwenye kipimo cha omu, sabufa ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4. Isiposoma kitu, koili imekatika. Karatasi ikisukumwa taratibu kwa vidole vya mikono miwili na kusikika inakwaruza, au ikatoa harufu ya kuungua, koili imekwisha, na hapo kweli ni kununua.

Kwa fundi, na dukani

Mzazi aliyefika hapa ana la kusema kwa fundi: umeme upo, ethi ni nzima, REM inasoma 12, taa ni nyekundu hata bila spika. Bei ya mazungumzo hayo hutofautiana sana na ya kusema tu kwamba muziki hauimbi. Anayeambiwa kifaa kimekufa ana haki ya kuomba kipimo kifanyike mbele yake, na kuondoka na kifaa chake kibovu.

Dukani, maandishi makubwa ya boksi yasimsumbue mtu. Amplifaya iliyoandikwa wati 1,200 lakini ina fyuzi moja ya ampea 20 inajieleza yenyewe: 20 mara volti 13.8 ni wati 276 zinazoingia, na nyingine hupotea kama joto. Haiwezi kutoa 1,200 kwa mfululizo. Hesabu hiyo ni ya fizikia ya sekondari, na kijana ataipenda kuliko alivyoipenda darasani.

Muziki ukirudi

Sanduku la sabufa lina uzito wa mtoto mdogo, na mara nyingi limewekwa tu nyuma ya kiti bila kufungwa. Kwenye gari kama Noah, kiti hicho ndicho wanachokaa watoto. Gari likisimama ghafla, sanduku haliambiwi na breki, linaendelea mbele. Mikanda ya kufungia mizigo au vyuma vya kona vilivyokazwa kwenye sakafu vinalimaliza hilo, mradi kabla ya kutoboa sakafu mtu achungulie chini, maana bomba la mafuta na tangi viko hukohuko.

Halafu masikio. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa watu wazima, na 75 kwa watoto. Sauti ikifika 90, muda huo unashuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Anayeendesha yuko mbele na sabufa iko nyuma, kwa hiyo anayeumia kwanza ni mdogo aliyelala kwenye kiti cha nyuma, ambaye hakuulizwa. Kipimo cha sauti kwenye simu hakisomi besi kwa usahihi, lakini kipo cha kawaida: kama baba hawezi kuzungumza na mtoto wa nyuma bila kupaza sauti, kitufe kimepanda mno.

Kiwango hicho kikishakubaliwa, kijana akitie alama kwa kalamu ya rangi kwenye kitufe cha amplifaya. Akishamaliza aandike kwenye kipande cha karatasi fyuzi ya mbele ni ya ampea ngapi, akibandike ndani ya kifuniko cha boksi la fyuzi za gari, na aache mbili za akiba za kiwango hicho hapohapo.